Navigeta ni Mama Mkwe

Waliokosa gazeti la Jumapili iliyopita wasihangaike. Mwongera hajafa. Kilichokufa ni giaboksi, na hiyo imekwisha kutolewa na nyingine kufungwa mahali pake.

Kwa aliye mgeni hapa, Mwongera ni karani wa ofisi ya maji mjini Meru. Siku za kazi huvaa tai na kusikiliza malalamiko ya watu ambao mifereji yao imekauka. Siku za mapumziko huwa dereva wa mashindano, ndani ya Datsun kuukuu ya manjano ambayo Wawira, mama wa mtoto wake, huiita mke mwenza.

Tangu mwaka huu wa 1986 uanze, Klabu ya Magari ya Mlimani imemchezesha kama mpira wa makaratasi. Kwenye mashindano ya Kinoru walimwondoa kabla hajawasha gari, kwa sababu namba yake ilikuwa nyeusi juu ya nyeupe na asubuhi hiyo walikuwa wameamua iwe nyeupe juu ya nyeusi. Kwenye yale ya Mikinduri alimaliza wa pili. Kabla hajavua helmeti wakatangaza kwamba injini kama yake sasa ina kundi lake peke yake, na kundi la mtu mmoja halihesabiwi.

Aliyetangaza mara zote mbili ni Ireri, katibu wa klabu, kijana wa Embu ambaye suruali yake haipotezi mstari wa pasi hata ndani ya vumbi. Hakugomba na mtu, hakupaza sauti. Alisoma kila sheria mpya kwa upole, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

Sasa twende Embu, kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka.

Mshindi wa Embu angepelekwa na klabu kwenye mashindano makubwa ya Pasaka, yale ambayo Mwongera alikuwa akiyaota tangu akiwa shule ya msingi. Lakini alikuwa pia amemwahidi Wawira, mbele ya mchungaji, kwamba akishindwa safari hii Datsun itauzwa na hatataja tena habari za magari ndani ya nyumba yao. Wawira alikuwa amemwomba arudie maneno hayo, mchungaji asikie vizuri.

Asubuhi ile uwanja wa mpira ulijaa watu mpaka kwenye kuta. Kando ya goli moja wanawake wa kanisa walikuwa wamepanga sufuria za chai na uji, wakichangia paa la kanisa. Aliyeamuru mwiko gani uende sufuria gani ni Igoki, mwenyekiti wao. Aliyekuwa na maoni tofauti kuhusu kila mwiko ni Nelius, makamu wake, ambaye kila uchaguzi hushindwa na Igoki na kila mara humpongeza kwa mkono uliolegea.

Nelius ndiye mama yake Wawira. Ni mjane wa Kiritiri, upande wa Mbeere wilayani Embu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka.

Kwa Mwongera, Nelius alikuwa mtu wa kukwepwa. Si kwa ubaya. Kwa mila za pande zote mbili, mwanamume na mama mkwe hawakai benchi moja, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wameru huiita aibu hiyo nthoni, na Wambeere nao wanaijua barabara. Nelius akija Meru kumwona mjukuu, Mwongera hutokea mlango wa nyuma. Siku moja mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, akapita dirishani.

Basi magari yakapangwa mstari. Marete, mwenzake wa ofisi ya maji na navigeta wake, yaani msoma njia, tangu mwanzo, alikuwa amekwisha kujifunga mikanda na kufungua kitabu cha njia. Ndipo Ireri akapanda juu ya meza na kuinua kipaza sauti.

Alisema klabu imefikiria sana juu ya umoja wa wananchi. Kwa hiyo, kuanzia leo, gari la Meru litakuwa na navigeta wa wilaya ya Embu, na gari la Embu litakuwa na navigeta wa Meru. Asiye naye hataondoka.

Madereva wa Embu hawakushtuka hata kidogo. Kila mmoja tayari alikuwa na Mmeru wake kwenye kiti cha pembeni, ameoga, amekunywa chai.

Wa Meru wakaja juu. Mmoja akasema navigeta wake ni ndugu yake wa tumbo moja na hawajawahi kuachana barabarani. Ireri akamjibu kwamba ndugu huyo anakaribishwa kutazama. Mwingine akauliza kwa nini hawakuambiwa mapema. Ireri akasema umoja ni jambo ambalo mtu hapaswi kungoja aambiwe. Baada ya hapo wakaanza kupakia magari yao, mmoja baada ya mwingine, wakirudi Meru huku wakitukana kwa Kimeru, ili umoja usidhurike.

Mwongera hakupakia. Alizunguka uwanja akiomba mtu. Mwenye gereji alikuwa na mazishi. Mwalimu mmoja alitaka kwanza kujua habari za bima. Polisi wa zamu alicheka mpaka akashika ukuta.

Wawira akamfuata, Karambu mtoto wao akiwa mgongoni.

"Mama ana kitambulisho cha Embu," alisema.

Mwongera akamwambia heri auze gari. Wawira akamjibu kwamba hilo nalo linakubalika, na kuna mtu wa Runyenjes ambaye amekwisha kuliulizia.

Mwongera akatazama Datsun yake. Kisha akatazama chini, akasema mama aulizwe.

Nelius alipoulizwa, mwiko ulimganda mkononi. Alimtazama Ireri. Ireri alitazama mawingu. Huenda angekataa, lakini Igoki, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akasema kutoka upande wa chai kwamba kuna watu wazima wanaopenda kutafuta aibu. Nelius akaweka mwiko chini, akajipangusa mikono kwa leso, akaenda.

Marete ndiye aliyemfunga mikanda, kwa sababu Mwongera asingeweza kumkaribia. Helmeti ilivalishwa juu ya kitambaa cha kichwa. Kitabu cha njia Nelius alikitia kwenye mkoba, maana miwani yake ilibaki Kiritiri.

Bendera ikashuka, Datsun ikatoka.

Ilitoka kwa adabu. Mwongera aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya watu, uso ameuelekeza mbele kabisa, shingo imekakamaa. Nelius naye alikodolea kioo cha mbele. Kuongea moja kwa moja kulikuwa hakuwezekani, kwa hiyo alikiambia kioo.

"Kungekuwa na mtu anayeendesha gari hili, angejua kwamba mbele kuna daraja jembamba."

"Aliye hapa amesikia, mama."

Wakavuka daraja. Kioo kikaambiwa kwamba kuna kona ya kushoto, na kwamba kuna mbuzi. Aliye hapa akasikia. Kwa mwendo ule wangefika Kiritiri, penye kituo cha ukaguzi, lakini mashindano yangekuwa yamekwisha na watu wamekwenda kulala.

Ndipo Peugeot nyeupe ikatokea nyuma. Dereva alikuwa Mutegi, mtoto wa Igoki. Alipiga honi kwa muda mrefu, akasogea sambamba nao, akachungulia, na alipoona ni nani amekaa pale ndani akampungia Nelius mkono, kiganja kizima, taratibu, kama rais anayepita. Kisha akawaachia vumbi lote.

Nelius alilitema vumbi dirishani. Halafu akageuza kichwa, akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Baba Karambu, hicho cha kukanyaga cha kulia ni cha nini?"

"Ni cha mafuta, mama."

"Basi kikanyage."

Mwongera akakikanyaga.

Kutoka pale hakuna aliyekumbuka kuongea na kioo. Barabara iliteremka kuelekea Mbeere, mahindi yakaisha, miiba ikaanza, magunia ya makaa yakapita kando ya njia kama watu waliochuchumaa. Nelius alishika mkoba kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, akitoa amri. Hapa punguza. Hapa usipunguze. Hapa kuna shimo limefichwa na nyasi, lilikuwapo tangu nikiwa msichana.

Mwongera alijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Marete alikuwa navigeta mzuri, lakini Marete alikuwa mwoga. Huyu hakufumba macho hata mara moja.

Kwenye korongo kavu, njia iliyochorwa kitabuni ilipita katikati ya mchanga, na katikati ya mchanga Peugeot nyeupe ilikuwa imezama mpaka milangoni. Navigeta wa Mutegi, Mmeru aliyeoga vizuri asubuhi, alikuwa akichota mchanga kwa helmeti. Nelius akamwelekeza Mwongera apande juu kidogo, penye mawe, ambapo malori ya mchanga huvukia. Walipopita alipunga mkono, kiganja kizima.

Kituo cha ukaguzi kilikuwa penye soko la Kiritiri. Aliyekaa kwenye meza na muhuri ni Mbaka, kijana wa kwaya. Alinyoosha mkono apokee kadi, akaona uso uliokuwa ndani ya helmeti, akachanganyikiwa kabisa.

"Mama Wawira," alisema, "sasa hii niigonge ama nisigonge? Ireri alisema ni wewe uliomba huyu mtu asipite."

Nelius akamwambia agonge na anyamaze. Mbaka akagonga. Lakini kunyamaza kulikuwa kumechelewa.

Mwongera aliondoa gari polepole. Walipopita nyumba za mwisho alisimama kando ya barabara, akazima injini, akashuka. Alisimama akiwa amegeukia uwanda, mikono kiunoni.

Alikuwa amedhani Ireri anawachukia Wameru. Kisha akadhani anachukia rangi ya manjano. Alikuwa amegombana na Marete juu ya rangi ya namba mpaka wakakaa bila kusalimiana ofisini. Alikuwa amelala macho wazi akijiuliza ana kasoro gani ambayo watu wengine hawana. Na wakati wote huo kila sheria ilikuwa ikipikwa nyumbani kwa kina mkewe.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Nelius akaja na kusimama karibu naye, helmeti bado kichwani, karibu kuliko mila inavyoruhusu.

Mwongera akamgeukia.

"Kwa nini, mama?"

Nelius hakukana. Alisema mama yake Ireri ni rafiki yake tangu ujana, na alikwenda kwao baada ya kusikia kwamba Mwongera ameanza mashindano. Alimwomba Ireri amtafutie kasheria kadogo. Alimsihi asimuumize, asimwaibishe sana, amzuie tu. Ireri alikubali hata kabla hajamaliza kuongea. Ya Kinoru walipanga pamoja. Ya Mikinduri Ireri alijitungia, na Nelius aliisikia baadaye akaona ni nzuri. Ya leo hakuambiwa.

"Baba Wawira alikuwa dereva wa lori la mchanga," alisema. "Aliletwa nyumbani akiwa amefunikwa na turubai la lori lake mwenyewe. Wawira nilikuwa nimembeba mgongoni, vile yeye amembeba Karambu leo. Nilimwona asubuhi pale uwanjani na mtoto mgongoni, nikajiona mimi mwenyewe."

Mwongera hakuwa amewahi kuambiwa habari za turubai. Wawira alikuwa amemwambia tu kwamba baba yake alifariki zamani. Hasira aliyokuwa nayo ikakosa mahali pa kukaa.

Akasema kwamba kama ni hivyo warudi polepole. Wakifika Embu atampelekea mtu wa Runyenjes ufunguo, mambo yaishe. Alisema kwa kweli, bila kununa.

Nelius alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Mwongera hakulitarajia.

"Baba Wawira alikuwa anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Nilikaa na yeye kwa lori, ninajua. Wewe hufukuzwi. Pale kwa mawe ulipunguza kabla sijakuambia." Akarekebisha mkanda wa helmeti chini ya kidevu. "Nilikuwa nimeogopa kitu sijakiona. Sasa nimekiona."

Nyuma yao, upande wa korongo, vumbi lilikuwa likipanda. Peugeot ilikuwa imetoka mchangani.

"Ingia," Nelius akasema. "Maneno ya nyumbani tutaongea nyumbani. Mimi sitashindwa na Igoki mara mbili mwaka mmoja."

Njia ya kurudi ilipandia upande wa Siakago, na siwezi kuieleza yote, kwa sababu Mwongera mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka punda. Anakumbuka mama mkwe akiimba wimbo wa kanisa, ubeti mmoja tu, akiurudia. Anakumbuka kupita magari mawili ya Embu kwenye mlima, na Wameru waliokaa ndani yake wakamshangilia dereva asiye wao. Mutegi aliwafukuza mpaka mwisho, lakini vumbi safari hii lilikuwa lake.

Datsun iliingia uwanjani kabla ya gari lingine lolote.

Wameru waliokuwa bado hawajapata usafiri wa kurudi nyumbani walivunja kamba. Marete alilala juu ya boneti na kuikumbatia, ingawa ilikuwa ya moto. Wanawake wa kanisa walipiga vigelegele, isipokuwa mmoja, ambaye ghafla aliona chai inahitaji kukorogwa.

Ireri alipanda mezani. Alishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na kikombe cha ushindi kwa mkono mwingine. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba matokeo ya gari la manjano yamesimamishwa. Dereva na navigeta hawaruhusiwi kuwa jamaa, kwa damu wala kwa ndoa.

Marete akauliza sheria hiyo imeanza lini.

Ireri akatazama saa yake.

"Imeanza," alisema.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka hospitalini. Katikati ya kelele hizo Nelius alivua helmeti, akamkabidhi Marete, akatembea mpaka mezani. Watu wakanyamaza, wakidhani atampiga mtu. Hakumpiga. Aliongea kama anayeongea sokoni, kila mtu asikie.

"Huyu si mkwe wangu."

Akaeleza. Wazee wa Meru walikuja Kiritiri, ndiyo, na walikula wakashiba. Lakini mbuzi wa mwisho wa mahari hajachinjwa. Na kanisani hawajafika, kwa kuwa kila siku ya harusi ikipangwa, hilo gari la manjano linakuwa na safari. Kwa mila na kwa kanisa, alisema, Mwongera bado ni kijana anayemtembelea msichana wake.

"Kwa hiyo jamaa hapa hakuna. Mpe kikombe chake."

Mchungaji, aliyekuwa akinywa uji, alipaliwa. Wameru wakashangilia mara ya pili. Sheria ilikuwa imetimizwa, hakuna aliyeweza kuikosoa, na Mwongera alijikuta akicheka peke yake ndani ya gari kama mtu aliyelewa.

Kisha akamwona Ireri, na kicheko kikamkauka. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima, katibu wa klabu alikuwa akitabasamu.

Ireri aliweka kikombe na kipaza sauti juu ya meza. Akarekebisha ukosi wa shati. Akashuka, akasimama mbele ya Nelius kwa heshima zote.

"Mama," alisema, "nilipotuma wazee kwako, uliwaambia nimechelewa, Wawira ameshaolewa Meru. Kumbe sikuwa nimechelewa."

Nelius alianza kuhesabu mbuzi upya, kwa vidole. Upande wa chai, Igoki alijimiminia kikombe kilichojaa, akavuta kiti, akakaa vizuri.

Mwongera aliruka nje ya gari. Lakini kuna aliyemtangulia. Wawira alikuwa akija kutoka golini, Karambu amelala mgongoni, na watu walimpisha bila kuambiwa. Hakumtazama mama yake. Hakumtazama Ireri. Alikichukua kipaza sauti mezani, akakiwasha kwa kidole gumba, na kwa mkono mwingine akakiinua kikombe, jua likakipiga.

"Hiki ni cha mtu asiye na mke," alisema. "Mwenye mke hana kikombe, sheria imesema. Baba Karambu, waambie watu wewe ni yupi."

Akakielekeza kipaza sauti mdomoni mwa Mwongera.

Mwongera aliangalia kikombe, akaona ndani yake barabara zote za Pasaka. Akamwangalia Wawira, na hakuona kama anacheka ama amekasirika, na hilo ndilo lililomtia hofu. Nyuma yake Marete, aliyekuwa amesogea ili amsaidie, akamnong'oneza kwa haraka, "Kikombe. Mke ataelezwa nyumbani."

Kipaza sauti kikaupokea mnong'ono huo, kikautangaza uwanja mzima, mpaka kwenye sufuria za uji, kwa sauti ambayo kila mtu aliyekuwa mbali aliapa ni ya Mwongera.